Macho kuwasha msimu wa vumbi Lubumbashi: maswali na majibu

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, Lubumbashi huwa kavu kabisa. Udongo mwekundu unasagwa na magurudumu mpaka unakuwa unga, na upepo wa mwezi wa nane unauingiza hadi ndani ya kabati la nguo. Hapo ndipo maswali ya macho yanapozidi. Nimejibu hapa yale yanayorudi kila mwaka. Moja nimelijibu kwa urefu, kwa sababu nimeona watu wakipoteza uwezo wa kuona kwa jambo lililoanza kama muwasho tu.

Mbona macho yangu yanawasha, na ya jirani yangu yametulia? Vumbi si ni lile lile?

Vumbi ni lile lile, miili ndiyo tofauti. Mwenye mzio, au alerji kama wengi tunavyosema, mwili wake huona chavua ya nyasi (ule unga wa maua yake), ukungu au uchafu wa vijidudu vya godoro kama adui. Kwenye utando unaofunika weupe wa jicho kuna seli zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Adui huyo akigusa utando, seli zinaimwaga: jicho linawasha, linakuwa jekundu, kope zinavimba. Mara nyingi hali hii huenda pamoja na pumu, mafua ya kupiga chafya au ukurutu katika ukoo.

Moshi wa makala (mkaa) na vumbi vinaweza kuchoma macho ya mtu yeyote, hata asiye na mzio. Mwenye mzio vinamwongezea tu.

Wengi wanailaumu jakaranda kwa sababu inachanua wakati macho yanawasha. Tuitendee haki: chavua yake inabebwa na nyuki, haipeperuki sana. Nyasi ndizo zinazomwaga chavua kwenye upepo. Na kama macho yanakuwasha mwaka mzima, hasa unapoamka, shuku godoro na mto kwanza.

Nitajuaje kama ni mzio au ni ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza?

Jiulize: yanawasha, au yanauma? Mzio unawasha, tena macho yote mawili, na machozi yake ni maji meupe. Maambukizi ya bakteria mara nyingi huanza jicho moja, yanatoa matongo ya njano, na asubuhi kope zimegandana. Mzio hauambukizi, mtoto mwenye mzio aende shule.

Yananiwasha sasa hivi. Nifanye nini?

Ondoa mkono machoni. Najua ni vigumu, kwa sababu kufikicha kunaleta raha ya sekunde chache, lakini kila ukifikicha seli zinamwaga histamini zaidi. Anayefikicha kwa miaka anaweza hata kuharibu umbo la konea, kile kioo cha mbele ya jicho: inakonda, inachongoka, na miwani ya kawaida haisaidii tena vizuri.

Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye katika maji safi ya baridi, kikamue, kikunje mara mbili. Lala chali, funga macho, kiweke juu ya kope dakika 5 hadi 10. Kikipata joto, kichovye tena. Baridi inabana mishipa ya damu na kutuliza muwasho. Kila mtu awe na kitambaa chake.

Farmasi wanauza pia machozi ya bandia, ambayo yanasafisha chavua na vumbi. Yatumie yakiwa baridi: kama huna friji, isimamishe chupa iliyofungwa vizuri ndani ya kikombe cha maji baridi kabla ya kuitumia. Ukirudi nyumbani, hasa kama umepanda moto (pikipiki), nawa uso na kope kabla ya kulala. Miwani inasaidia barabarani.

Niulizie dawa gani?

Ketotifeni, tone moja kila jicho mara 2 kwa siku, inatuliza haraka; watoto chini ya miaka 3 wasipewe bila daktari. Olopatadini inafanya kazi inayofanana. Kromoglikati huchukua siku nyingi kuonyesha nguvu, kwa hiyo anayejua msimu wake aianze mapema. Kama na pua inawasha, kidonge cha setirizini au loratadini kinasaidia, ila kinaweza kukausha macho. Chupa ya matone ikishafunguliwa, kwa kawaida inatupwa baada ya wiki 4. Usiazimishane.

Rafiki yangu alipewa dawa, macho yakatulia siku moja. Naweza kuinunua ile ile?

Soma boksi kwanza. Ukiona neno linaloanza na «dexa» au «predni», irudishe. Hiyo ni steroidi. Mara nyingi imechanganywa na antibiotiki katika chupa moja, na muuzaji anakuambia kwa moyo mweupe kwamba ni antibiotiki. Inatuliza haraka kweli, na hapo ndipo mtego ulipo: macho yakiwasha tena unarudi kununua, mwezi hadi mwezi, bila mtu kukupima. Steroidi inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo inakula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu. Unaanza kujigonga kwenye mlango kwa sababu huoni pembeni. Mshipa ukishakufa haurudi. Dawa hiyo inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na kama jicho lina virusi vya herpesi au fangasi, inavipa nafasi kuharibu konea. Daktari wa macho anaweza kukuandikia, lakini yeye anapima na anakuambia siku ya kuacha.

Mwanangu wa miaka saba anafikicha kila siku, na weupe wa macho umekuwa kama kahawia.

Mama, mpeleke kwa daktari wa macho, si farmasi. Kuna mzio mkali wa watoto, zaidi wavulana, unaotoa matongo yanayovutika kama uzi na kumfanya mtoto akimbie jua. Ndani ya kope ya juu huota vinundu vinavyokwaruza konea. Wengi hupona wakikaribia utu uzima, lakini macho yalindwe mpaka hapo.

Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani?

Hapana. Vyote vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari limechubuka.

Na nyumbani?

Nyunyiza maji kabla ya kufagia, mbabula (jiko la makala) iwake nje, mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji moto.

Ni lini nisisubiri kesho?

Jicho likiuma kweli, likiona ukungu, likishindwa kuvumilia mwanga, au ukiona doa jeupe juu ya mboni. Pia kama limepigwa, au ni mtoto mchanga mwenye matongo. Likiingiwa na asidi ya betri, saruji au chokaa, usikimbilie hospitali kwanza: shikilia kope wazi, mwagia maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, halafu ndipo uondoke.