Je, wajua kwa nini sheria nyingi za mazingira za majiji huishia kwenye makaratasi?

Lawama huwaangukia wananchi haraka: hawana uelewa, hawajali. Lakini ukizichunguza sheria zilizokufa, mara nyingi utakuta kilichoziua kilikuwamo ndani yake tangu siku madiwani walipozipitisha.

Tazama Chicago, Marekani. Mwaka 2015 jiji hilo lilipiga marufuku maduka makubwa kuwapa wateja mifuko myembamba ya plastiki. Mifuko minene iliruhusiwa, kwa hoja kwamba inaweza kutumika tena. Maduka yakaagiza hiyo minene na kuigawa bure kama kawaida. Wateja wengi waliitumia mara moja wakaitupa, na kila mfuko sasa ulibeba plastiki nyingi kuliko ule wa zamani! Marufuku ikafutwa. Februari 2017 ikaanza tozo ya senti 7 kwa kila mfuko, uwe wa plastiki au wa karatasi: senti 5 za jiji, 2 za mwenye duka. Hapo ndipo wateja walipoanza kuja na mifuko yao. Sheria ya kwanza ilipima unene, na unene hukwepeka kirahisi. Ya pili iligusa kitendo chenyewe cha kuchukua mfuko, tena ikampa muuzaji sababu ya kuisimamia.

Kuna pia suala la kipi kitangulie. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilipotaka kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, iliongeza kwanza mabasi karibu 200, Agosti 2005. Tozo ya majaribio ikafuata Januari 2006 hadi Julai, na magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban moja ya tano. Kura ya maoni ilipigwa Septemba, watu wakiwa wameshaonja barabara zisizo na foleni ndefu. Wengi wa waliopiga kura jijini wakakubali, na tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007. Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, iliwauliza wakazi wake kuhusu tozo kama hiyo Februari 2005, kabla hawajaona chochote, na karibu robo tatu ya waliopiga kura wakakataa. Majiji hayo yanatofautiana kwa mengi, ila ni vigumu mno kumwomba mtu akubali gharama anayoijua kwa faida asiyoijua.

Panapoumiza zaidi ni kwenye taka. Jiji linaamuru kila nyumba itenganishe taka za jikoni na taka kavu, wakazi wanatii, kisha linakuja lori moja lisilo na sehemu mbili zilizotengwa na kuzichanganya zote mbele ya macho yao. Baada ya hapo, hata semina kumi hazitawarudisha. Kabla ya kutangaza amri, hakikisha kuna malori mawili, au siku tofauti za kuzoa kila aina, na mahali pa kupeleka kila shehena.

Kisha soma mkataba wa mkandarasi. Akilipwa kwa kila tani anayofikisha dampo, kila kilo inayookolewa kwa mboji ni hasara kwake, na hakuna faini itakayomfanya aipende sera hiyo. Mlipe kwa idadi ya nyumba anazozihudumia, umwongezee kwa shehena safi inayopokelewa kwenye kituo cha mboji, na kipimo kisomwe na ofisa wa jiji pale kwenye mizani.