Yalta hawakugawana Ulaya

Kila muhula sentensi ileile hunijia kwenye insha za kidato cha sita: Februari 1945 Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Stalin wa Urusi ya Kisovieti waliketi Yalta, mji wa Crimea, wakagawana Ulaya, ndipo Vita Baridi vikaanza. Naikata kwa kalamu nyekundu. Muhula unaofuata inarudi kwa mwandiko mwingine.

Hebu tazama majeshi yalikuwa wapi wiki ile. Jeshi Jekundu la Stalin lilikuwa Warsaw, mji mkuu wa Polandi, tangu tarehe 17 Januari, na vikosi vyake vya mbele vilishafika mto Oder, kama kilomita 70 kutoka Berlin. Wamarekani na Waingereza walikuwa bado hawajavuka Rhine. Sasa Roosevelt angemnyang'anya Stalin Polandi kwa nguvu gani? Alichoweza kudai ni ahadi ya uchaguzi huru, akaipata kwa maandishi. Uchaguzi ulifanyika Januari 1947, ukachakachuliwa. Kwa hiyo kilichowakosanisha washirika hawa ni makubaliano ya Yalta kutotekelezwa, si kutekelezwa! Hata kanda za kuikalia Ujerumani zilichorwa London, Septemba 1944. Yalta iliongeza kanda ya Ufaransa tu, iliyomegwa kutoka sehemu za Marekani na Uingereza. Anayetaka mgawanyo kwa lazima aende Moscow, Oktoba 1944. Huko Churchill alimwandikia Stalin asilimia za ushawishi kwenye kikaratasi: Romania 90 kwa Urusi, Ugiriki 90 kwa Uingereza. Roosevelt hakuwepo, na Polandi haimo. Nawaambia wanafunzi hadi wamechoka kunisikia: chora kwanza ramani ya majeshi, mkataba utausoma baadaye.

Wengine husema hotuba ya Churchill ya pazia la chuma dhidi ya Moscow, kule Fulton, Marekani, ndiyo iliyowasha moto. Machi 1946 Churchill hakuwa waziri mkuu. Chama chake kilibwagwa kwenye uchaguzi wa Julai 1945. Tena telegramu ndefu ya Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Moscow, ya kuionya Washington kuhusu Moscow, ilitumwa tarehe 22 Februari, kabla ya hotuba hiyo.

Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, uliwabagua Wakomunisti? Walialikwa. Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Stalin, alikwenda Paris, akasusa Julai 1947. Chekoslovakia ilikubali mwaliko, viongozi wake wakaitwa Moscow, wakaghairi. Kwamba masharti yenyewe yalikuwa magumu kwa Stalin kuyameza, sibishi.

Na tafadhali, Stalin hakujenga Ukuta wa Berlin mwaka 1948. Alifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi. Ukuta ni wa 1961, na yeye alikufa 1953.