Roketi si mtumbwi: uzito weka puani

Jumamosi iliyopita kijana wa kidato cha tatu aliniletea roketi ya chupa, ile ya chupa ya soda inayorushwa kwa maji na hewa iliyobanwa, ikiwa imepondeka pua. Nikaigeuza. Mkiani, katikati ya mapezi, alikuwa amezungusha nati nane za baiskeli na kuzibana kwa plasta. Sikumuuliza kwa nini, maana jibu nimelisikia tangu nianze kuwakaribisha vijana wa roketi kwenye kibanda changu cha baiskeli hapa Kirumba, Mwanza: "Fundi, ilikuwa inayumba, tukaiongezea uzito nyuma ili isimame wima."

Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa simu asome, mimi niendelee na spoki zangu.

Uzito wa mkiani ndio unaoiangusha roketi. Ukiongeza nati mbili itayumba zaidi, ukiongeza nane itapanda mita chache, igeuke, ianze kubingirika hewani kama kuku aliyekatwa kichwa. Halafu mwenyewe anasema "nati hazikutosha". Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha.

Kosa lenyewe nalielewa linakotoka, na si ujinga. Sisi ni watu wa ziwani. Nenda Mwaloni asubuhi utazame mitumbwi ikipakiwa: mzigo mzito unalala chini, mwepesi unakaa juu, na mtoto wa miaka minane anajua kwamba ukifanya kinyume mtapinduka. Mtoto huyohuyo amerusha tiara, na tiara ikizungukazunguka anajua dawa ni kuongeza mkia wa tambara. Sasa mpe roketi. Inayumba. Kila alichojifunza maishani kinamwambia: weka kitu huku chini.

Lakini mtumbwi umebebwa na maji. Ukiinama, maji yanausukuma juu upande ulioinamia, uzito unavuta chini, na kani hizo mbili kwa pamoja zinaurudisha. Roketi ikishaachana na kirushio haijabebwa na chochote. Uvutano wa dunia unaivuta kupitia kitovu chake cha uzito, yaani pale inapobalansi, na kani inayopita katikati ya kitovu haiwezi kukigeuza chombo, si kulia wala kushoto. Kwa hiyo uzito, ukae mkiani au popote, hauna mkono wa kuinyanyua roketi iliyoinama. Na mkia wa tiara nao unafanya kazi kwa sababu upepo unaukokota. Funga jiwe badala ya tambara uone.

Kinachoinyoosha roketi ni hewa. Ikiinama kidogo, hewa inaipiga ubavuni, na zaidi kwenye mapezi kwa kuwa ndiyo mapana. Zijumlishe kani zote hizo za ubavuni zitaangukia mahali pamoja, kitovu cha mgandamizo. Kitovu hicho kikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, hewa inausukuma mkia urudi kwenye mstari na pua inabaki mbele. Kikiwa mbele, hewa hiyohiyo inaimalizia kuigeuza. Sasa nati nane za mkiani zinafanya nini? Zinakivuta kitovu cha uzito kirudi nyuma, kikikaribie kile kingine, mpaka kikipite. Umejinunulia mbingiriko kwa nati zako mwenyewe.

Mshale wa Msukuma una chuma mbele na manyoya nyuma. Sijawahi kuona mshale wenye chuma mkiani, na nadhani aliyejaribu alilala njaa.

Kama utaona aibu, ujue umekosea pamoja na mkubwa. Robert Goddard, Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926 kule Auburn, Massachusetts, aliweka injini juu na matangi chini yake, mzigo uning'inie kama timazi. Iliruka sekunde mbili na nusu, ikafika mita 12 na kitu. Baadaye aliirudisha injini chini, kwa sababu kuining'iniza juu hakukumpa unyoofu aliotarajia. Yeye alirekebisha baada ya kurusha. Wewe unanibishia mwaka wa tatu sasa.

Basi fanya hivi. Pima roketi ikiwa tupu, bila maji, mwavuli wa kuishushia taratibu ukiwa ndani kama unao. Wengi hupima na maji, kosa la pili hilo: maji yanatoka chini ya nusu sekunde, na sehemu kubwa ya safari roketi inakwenda ikiwa tupu kwa kasi iliyoipata. Ining'inize kwa uzi mpaka ilale sawasawa, weka alama kwa kalamu. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Kisha ilaze juu ya kadibodi, chora umbo lake lote pamoja na mapezi, kata, uibalansi hiyo kadibodi kwenye ukingo wa rula. Inapotulia ndipo pa kukadiria kitovu cha mgandamizo. Ni makadirio ya woga kidogo, huwa yanakiweka mbele kuliko kilipo kweli, na mimi nayapenda kwa sababu hiyo. Mwenye kompyuta apakue OpenRocket, ni programu ya bure, imhesabie kwa njia aliyoitoa James Barrowman wa NASA miaka ya 1960.

Alama ya uzito inatakiwa iwe mbele ya ile nyingine kwa unene mmoja wa chupa au zaidi kidogo. Chupa ya soda ya lita mbili ina unene wa sentimita 11 hivi, kwa hiyo sentimita 11. Haifiki? Ongeza uzito puani. Mimi huanza na nusu ya mpira wa tenisi uliojazwa udongo wa kuchezea, gramu 60 hivi, napima tena, naongeza. Kamwe usiweke nati, misumari wala mawe puani, maana kilichopanda kitashuka na chini kuna vichwa vya watu. Mwisho funga uzi wa mita mbili na nusu penye kitovu cha uzito, ubane kwa selotepu usiteleze, uizungushe roketi juu ya kichwa chako. Ikitangulia pua, nenda karushe. Ikitangulia mkia au ikienda ubavu, rudi mezani.

Kuna anayesema uzito wa puani unapunguza kimo. Rusha unyoya wa kuku, kisha rusha kokoto, uniambie kipi kimefika mbali. Chupa tupu ya lita mbili ina gramu 50 tu, na kitu chepesi hivyo kinaibiwa kasi na hewa mara tu maji yanapokwisha. Uzito wa kiasi unaisaidia kuendelea kupanda. Wa kiasi, nimesema.

Mapezi makubwa zaidi? Yanasaidia mpaka mahali fulani, halafu yanaanza kuwa uzito wa mkiani kwa jina lingine, na upepo wa pembeni unaikamata roketi inaelekea upepo unakotoka badala ya kupanda. Mfuniko wa ndoo ya rangi unatosha kwa mapezi matatu. Mapezi ya bati sigusi, atakayeyaleta ataondoka nayo.

"Jaza maji, ndiyo mafuta yake." Maji si mafuta. Nguvu imo kwenye hewa uliyoibana, maji ni kitu cha kutupwa nyuma ili roketi iende mbele. Ukijaza chupa robo tatu umeinyima hewa nafasi. Usipoweka maji kabisa unatupa hewa ambayo haina uzito wa maana. Theluthi moja, au pungufu kidogo. Basi.

Hili la chupa nalisema kwa ukali. Chupa ya maji ya kunywa haifai, hata kama ni nzuri na ina mistari. Imetengenezwa kubeba maji yasiyo na gesi, ukuta wake ni mwembamba. Tumia ya soda, ambayo imezoea kubanwa toka ndani. Usiikwaruze kwa msasa ili gundi ishike, usiimwagie maji ya moto, usiibandike kwa gundi ya moto inayotokota, maana plastiki ile hulegea kabla maji hayajachemka. Na usiipeleke kwa jamaa wa kujaza upepo magari. Kompresa haina huruma, inafika 100 psi (kipimo cha mgandamizo kwenye geji) kabla hujasema "inatosha". Pampu ya mkono yenye geji, kikomo changu ni 60 psi, kamba ya kufyatulia mita tano au zaidi, na hakuna kuinamia roketi iliyojaa. Ukitaka kujua kama chupa yako ina nguvu, ijaze maji mpaka shingoni kwanza ndipo uipandishe upepo: ikipasuka utalowa tu, kwa sababu maji hayatanuki kama hewa.

Wapo wanaoniambia roketi ikirushwa mchangani nguvu zake zinazama. Haisukumi ardhi, inasukuma maji yake yenyewe. Gazeti la New York Times lilimcheka Goddard mwaka 1920 kwa kosa la jamii hiyohiyo, likidai roketi inahitaji hewa ya kusukuma. Likajisahihisha Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini.

Na Malindi. Kila darasa lina mmoja aliyesikia kwamba Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia 1967, kwa sababu ya ikweta, kwa hiyo na sisi wa Mwanza roketi zetu "zinasaidiwa". Mzunguko wa dunia unamsaidia anayetaka kuizunguka dunia. Chupa yako inashuka palepale uwanjani. Kama unataka kujisifu, jisifu kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia kumi hivi kuliko ya Dar. Hiyo kweli inapunguza ukinzani.

Vichwa vya viberiti, baruti ya fataki, mbolea: sitengenezi, sifundishi, sitazami. Ukija nayo kibandani nampigia mzazi wako.

Mahali pa kurushia ni uwanja wazi, mbali na nyaya na mbali na uwanja wa ndege. Alfajiri kumetulia, lakini upepo wa saa hizo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na mwavuli utaifuata njia hiyo. Mchana unageuka, unatoka ziwani. Kwa hiyo roketi yako ikiangukia majini asubuhi, usimtume mtoto kuifuata. Chupa inaelea. Kaa mwambani na muwa wako, mchana huenda upepo ukairudisha.