Mgodi Umefungwa, Dhahabu Imeisha? Jinsi Wakia Zinavyohesabiwa Kabla ya Kuchimbwa

Tangu mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ufungwe mwaka 2021, kuna swali ambalo mjiolojia kama mimi halikwepi akikaa na watu wa Kahama: dhahabu imeisha kweli, au imeachwa makusudi? Ni swali la haki. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukafukua shimo kubwa, ukatoa dhahabu na shaba kwa miaka kumi na miwili, kisha mitambo ikazimwa. Nikijibu kwamba dhahabu bado imo chini, naonekana mchochezi. Nikijibu kwamba imeisha, nimesema uongo.

Utata unaanzia kwenye neno. Mitaani, na hata maofisini, tunasema "mashapo" tukimaanisha madini yote yaliyomo ardhini. Ndani ya neno hilo mmejificha vitu viwili ambavyo kwenye hesabu za mgodi havichanganywi: rasilimali na akiba. Rasilimali ni madini tuliyoyachunguza kiasi cha kuweza kusema yapo, na kuna sababu za msingi za kuamini kwamba siku moja yatachimbika kwa faida. Akiba ni ile sehemu ya rasilimali iliyokwisha kupigiwa hesabu ya bei, gharama, mrabaha unaolipwa serikalini, mteremko wa kuta za shimo, maji, umeme na vibali, ikaonekana kuichimba kunalipa. Ya kwanza inaulizwa zaidi kwa mwamba. Ya pili inaulizwa kwa mwamba na kwa mhasibu.

Kuona bila kufukua

Hesabu yote inategemea uchorongaji. Mashine inatoboa ardhi na kutoa choronge, yaani mche mrefu wa mwamba wenye unene wa karibu kifundo cha mkono. Choronge hupangwa kwenye masanduku kwa mpangilio uleule zilivyotoka ardhini, zikasomwa mita kwa mita: aina ya mwamba, mishipa ya mawe meupe ya kwatzi, mipasuko, chembe za njano za kalkopairaiti, ambayo ndiyo madini ya shaba.

Sasa tupige hesabu ndogo. Choronge ya kawaida ina kipenyo cha milimita 63.5. Tukichoronga shimo moja kila baada ya mita 40, kwenda mbele na kwenda pembeni, tutakuwa tumeuona mwamba kwa uwiano wa sehemu moja katika kila sehemu laki tano. Hizo laki tano zilizobaki hakuna jicho la mtu lililoziona. Kisha choronge hiyo hupasuliwa katikati kwa msumeno wa almasi. Nusu inabaki sandukuni kama ushahidi, nusu inapelekwa maabara. Ile ya maabara inasagwa, inachanganywa, inagawanywa tena na tena, hadi gramu 30 au 50 tu ndizo zinazoingia tanuruni pamoja na madini ya risasi ili dhahabu itenganishwe na kupimwa. Mabilioni ya shilingi yataamuliwa na unga unaotosha kwenye kiganja.

Wachimbaji wadogo wanaujua ugumu huu kuliko maprofesa wengi. Duara moja, yaani shimo lao, linatoa mbale (mawe yenye dhahabu) inayong'aa, jirani yake hatua kumi kutoka hapo anachimba mwezi mzima anakosha mchanga mtupu kwenye karai. Dhahabu haikupakwa kwenye mwamba kama siagi kwenye mkate. Imedondoka kwa chembe. Gramu moja ya dhahabu ukiifinyanga itakuwa na ukubwa wa punje ya mtama, na kwenye mgodi mkubwa wa wazi, gramu moja na kitu ndani ya tani nzima ya mawe ni kiwango kizuri tu. Sampuli yako ikiipata hiyo punje, maabara itakuambia umetajirika. Ikiikosa kwa upana wa unywele, itakuambia hapo hapana kitu. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa sampuli, na yote mawili yakawa si kweli kwa mwamba.

Kwa sababu hiyo hatuiamini maabara hivihivi. Katikati ya mifuko ya sampuli tunachomeka mitego: mfuko wa jiwe ambalo tunajua halina dhahabu kabisa, mfuko wa unga ambao kiwango chake kilikwisha kuthibitishwa kwingine, na mfuko unaorudia sampuli ya nyuma kwa namba tofauti. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, kuna uchafu au kuna mkono wa mtu, na kundi zima la majibu linarudishwa.

Kama mtu anaona tahadhari hizo zimezidi, nitamsimulia Busang. Miaka ya 1990 kampuni ya Bre-X kutoka Calgary, Kanada, ilitangaza kwamba imepata dhahabu kwenye msitu wa Busang, kisiwani Borneo upande wa Indonesia. Kila ripoti ilipotoka kiasi kiliongezeka, hadi mapema mwaka 1997 ikatajwa zaidi ya wakia milioni 70 (wakia moja ni karibu gramu 31). Hisa zilipaa, na mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario ukanunua. Lakini kampuni hiyo ilikuwa na tabia moja ya ajabu: ilisaga choronge nzima, bila kubakiza nusu sandukuni. Mwekezaji mkubwa, Freeport-McMoRan, alipotaka kujiunga alichoronga mashimo yake mwenyewe pembeni ya yale ya zamani, akakuta karibu hakuna kitu. Chembe za dhahabu kwenye sampuli za Bre-X zilipotazamwa kwa hadubini zilikuwa na kingo za mviringo, kama za dhahabu iliyoviringishwa mtoni, wakati ilidaiwa zimetoka ndani ya mwamba. Mtu alikuwa ameinyunyiza. Uchunguzi huru uliotolewa Mei 1997 ukahitimisha kwamba Busang hapakuwa na dhahabu ya kuchimbika kwa faida.

Kutokana na aibu hiyo Kanada ilipitisha kanuni kali za utoaji taarifa, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Australia ilikuwa na zake tangu 1989, zinazojulikana kama JORC. Kiini cha kanuni hizi ni kwamba kila namba lazima iwe na mtu: mtaalamu mwenye jina, mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachoweza kumwadhibu, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano katika aina hiyo ya madini. Yeye ndiye anayeweka saini. Kampuni ikikuambia ina wakia milioni kadhaa na haisemi nani aliyezihesabu, wala ziko daraja gani, hiyo ni hadithi ya kijiweni.

Madaraja yenyewe yanafuata uzito wa ushahidi. Mashimo yakiwa yameachana mbali, rasilimali ni ya kukisiwa. Yakikaribiana kiasi cha kuweza kuunganisha mshipa na mshipa bila kubahatisha sana, inakuwa rasilimali iliyobainishwa. Yakisongamana zaidi, iliyopimwa. Madaraja mawili ya juu tu ndiyo yanayoweza kupanda na kuwa akiba. Ya kukisiwa hairuhusiwi, hata kama mkurugenzi anaisifia kwenye mkutano wa wanahisa. Na kwenye ripoti nyingi, akiba imekwisha kujumlishwa ndani ya rasilimali, si nyongeza juu yake. Nimeona magazeti yakizijumlisha mbili hizo na kuupa mgodi dhahabu isiyokuwapo.

Matofali ndani ya kompyuta

Majibu ya maabara yakishakusanywa, mwamba wote hugawanywa kwenye kompyuta kuwa matofali, tuseme ya mita 10 kwa 10 kwa kimo cha mita 5. Kila tofali linapewa kiwango chake kwa kuangalia mashimo yaliyo jirani. Jirani wa karibu anasikilizwa zaidi, wa mbali anasikilizwa kidogo. Kiasi gani zaidi, na mbali ni wapi? Jibu la kwanza la maana lilitoka Afrika Kusini mwaka 1951, mhandisi Danie Krige alipochunguza kwa nini migodi ya Witwatersrand ilikuwa ikijidanganya: vipande vilivyoonekana tajiri kwenye sampuli vilikuwa vikitoa pungufu ya matarajio, na vilivyoonekana maskini vikitoa zaidi. Mfaransa Georges Matheron aliijengea hoja hiyo hisabati kamili, na mbinu ikaitwa kwa jina la Krige: krigingi. Leo iko kwenye programu zote za kazi hii.

Programu, hata hivyo, haijui jiolojia. Ukiiachia sampuli moja ya gramu 300 kwa tani katikati ya wenzake wenye gramu moja moja, itautapanya utajiri huo kwenye matofali yote ya jirani. Tunalazimika kuikata kimo kwanza, yaani kukishusha kiwango chake hadi kikomo tulichokiweka. Vivyo hivyo na uzito: mwamba mgumu una uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita ya ujazo, lakini ule uliooza karibu na uso wa ardhi unaweza kuwa na 1.8 tu. Anayesahau kupima hilo anaongeza dhahabu kwa nusu bila kugusa kiwango hata kidogo. Kosa la kizembe, na bado hutokea.

Tofali letu la mita za ujazo 500, kwa uzito wa 2.7, ni tani 1,350. Likiwa na gramu 1.5 kwa tani, lina gramu 2,025 za dhahabu, sawa na wakia 65. Mtambo haukamati zote. Ukikamata asilimia 90, unazipeleka sokoni wakia 58 na kitu.

Shaba inaleta mambo yake. Kwenye mwamba imara, kalkopairaiti huelea vizuri ikipulizwa mapovu kwenye matangi, na kinachokusanywa juu ndicho makinikia. Karibu na uso, shaba imekwisha kubadilishwa na hewa na mvua kuwa madini mengine, ambayo mengi yao hayaelei hivyo, na baadhi hunywa sayanaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, iliyokusudiwa kwa dhahabu yenyewe. Asilimia ileile ya shaba, ya kina tofauti, ina thamani tofauti. Kwa hiyo kila tofali linapewa kiwango, na pia hali: limeoza, liko njiani kuoza, au ni zima.

Mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ilijifunza neno hilo. Wengi walibaki na picha iliyopinda. Waliposikia makinikia yana mamia ya gramu za dhahabu kwa tani, wakadhani mwamba wa mgodi nao una mamia. Makinikia ni tui zito lililokamuliwa kwenye nazi nyingi. Huwezi kuonja tui ukajua nazi moja ilikuwa na mafuta kiasi gani mpaka ujue zilikunwa nazi ngapi.

Kushoto au kulia

Lori likitoka shimoni, dereva ana njia mbili: kushoto kwenye kisagio, kulia kwenye lundo la mawe taka. Jiwe limekwisha kulipuliwa na kubebwa, gharama hiyo haitarudi. Linaloulizwa ni kama dhahabu yake italipia kusagwa na kuchenjuliwa.

Tuseme, kwa mfano tu, kusaga na kuendesha mtambo kunagharimu dola 25 kwa tani. Tanzania mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Ukamataji uwe asilimia 90. Bei ikiwa dola 1,500 kwa wakia, jiwe lenye chini ya gramu 0.62 kwa tani litakutia hasara. Bei ikishuka hadi 1,200, mpaka unapanda hadi 0.77. Ikifika 2,000, unashuka hadi 0.46. Jiwe la gramu 0.6, basi, linaweza kuwa taka asubuhi na mali jioni bila kubadilika chochote ndani yake. Migodi yenye busara hailitupi jiwe la namna hiyo. Inaliweka kwenye lundo lake peke yake, na Buzwagi ilimalizia maisha yake ikisaga malundo hayo.

Shimo lenyewe nalo hukadiriwa kwa hesabu. Kuta haziwezi kusimama wima, zingeporomoka juu ya watu. Ukuta wenye mteremko wa digrii 45 unadai kwamba kila ukizama mita 10, mdomo wa shimo nao urudi nyuma mita 10 kila upande, na mawe yote ya katikati, mengi yao matupu, yabebwe. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Lerchs na Grossmann, walichapisha njia ya kutafuta umbo la shimo ambalo thamani ya mbale inazidi gharama ya kubeba taka kwa kiasi kikubwa kuliko maumbo mengine yote. Matofali yaliyomo ndani ya umbo hilo, yakiwa ya daraja linalokubalika, yakipunguzwa kwa ajili ya mbale itakayopotea na taka itakayochanganyika wakati wa kulipua, ndiyo yanayoitwa akiba. Yaliyo nje yanabaki kuwa rasilimali, au hata hilo jina yanalikosa.

Sasa rudi Buzwagi. Mwaka 2011 dhahabu ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia. Kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa karibu 1,200. African Barrick Gold, iliyoumiliki mgodi wakati huo, ilichora mpango upya, ikaondoa sehemu za shimo zisizolipa tena, ikakata akiba na thamani ya mgodi vitabuni. Mwamba haukusogea hata sentimita. Wakia zilizofutwa kwenye karatasi zilibaki palepale ukutani na sakafuni, nje ya mstari uliosogezwa.

Ndiyo maana nikiulizwa kama dhahabu ya Buzwagi imeisha, nami huuliza kwanza: kwa bei ipi?