Si kila uvimbe wa atiria ya kushoto ni miksoma

Saratani inayoanzia moyoni ni adimu kwa sababu seli za misuli ya moyo hazigawanyiki ovyo: katika umri wa miaka 25 ni kama asilimia 1 tu yake inayofanywa upya kwa mwaka, na uzeeni hupungua zaidi. Saratani nyingi tunazozikuta moyoni zimehamia tu, kutoka mapafuni, kwenye titi au kwenye ngozi.

Uvimbe ulioanzia moyoni kwenyewe, mara nyingi si saratani. Kwa watu wazima huwa miksoma, uvimbe wenye uteute usio saratani, na mtego uko hapo hapo. Miksoma ya kawaida huning'inia kwa kikonyo kwenye ukuta unaotenganisha atiria mbili, yaani vyumba vya juu vya moyo. Ultrasaundi ikionyesha uvimbe wenye kitako kipana, uliokaa ukuta wa nyuma na kupenya kwenye vena za mapafu, ushuku sarkoma, saratani ya tishu unganishi. Hadubini nayo hudanganya: sarkoma ya intima (utando wa ndani wa mishipa) huweza kuwa na uteute kama wa miksoma. Hapo mimi, mpatholojia, napima jeni ya MDM2. Nakala zake zikiwa zimeongezeka kupita kiasi, miksoma haina nafasi tena.

Anjiosarkoma, sarkoma ya mishipa ya damu, hupenda atiria ya kulia. Hula ukuta, damu hujaa kwenye mfuko wa moyo na moyo hubanwa. Madaktari wengi huivuta damu hiyo na kungoja majibu, ilhali seli za saratani mara nyingi hazionekani humo. Majibu safi hayamwachii mgonjwa huru, leteni kipande cha nyama ya uvimbe. Humo natafuta vijishipa vilivyoungana bila mpango, kisha napaka rangi za CD31 na ERG, alama za seli za mishipa ya damu, kuthibitisha.

Kama kuna dalili yoyote ya limfoma, saratani ya seli za kinga, sehemu ya nyama ije mbichi, isitumbukizwe yote kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi. Iliyobaki iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama. Uvimbe mzima uliokatwa naupaka wino kingoni kabla ya kisu kugusa; ukishaupasua kwanza, hutajua tena ukingo wa kweli ni upi.

Na ukingo ndio unaobeba matarajio ya mgonjwa. Sarkoma ikiwa mguuni, daktari mpasuaji huikata pamoja na nyama ya pembeni yenye afya. Moyoni, sentimita moja zaidi ni vali au mshipa wa koronari. Seli zikibaki, uvimbe hurudi. Anjiosarkoma mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshafika mapafuni, na isipoondolewa wagonjwa wengi hufariki ndani ya mwaka. Doksorubisini, dawa ya saratani, husaidia kwa kiasi, ila yenyewe huumiza moyo, hivyo jumla ya dozi ina kikomo.

Limfoma ni habari nyingine kabisa. Huyeyuka kwa dawa, wengine hupona, na kumpasua mtu kifua ili kuing'oa ni kumwumiza bure. Ndiyo maana nang'ang'ania biopsia, yaani kupima kipande cha uvimbe, kabla ya upasuaji mkubwa, hasa uvimbe ukiwa upande wa kulia.