Nishani ya kampeni: kuzisoma medali za babu aliyekuwa Keya

Nishani ya kampeni ni medali anayopewa mwanajeshi kwa kuhudumu katika vita fulani, eneo fulani, kati ya tarehe zilizotangazwa. Haina uhusiano na tendo moja la ujasiri. Anayetunukiwa kwa tendo kama hilo hupewa nishani ya ushujaa, na hizo ni chache mno. Karibu kila kinachopatikana katika masanduku ya bati ya wazee waliokuwa Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki), kuanzia Kisumu na Bungoma hadi Nakuru, ni nishani za kampeni. Familia nyingi husikitika zikiambiwa hivyo. Hazina sababu ya kusikitika, kwa maana nishani ya ushujaa huonyesha saa moja ya maisha ya mtu, ilhali za kampeni, zikisomwa kwa pamoja, huonyesha safari nzima.

Kabla ya rangi za utepe, tazama sura iliyo upande wa mbele. Mfalme George wa Tano, mwenye ndevu, ni Vita vya Kwanza. George wa Sita, asiye na ndevu, ni Vita vya Pili. Malkia Elizabeth wa Pili ni baada ya 1952, na hapo huenda ni medali ya wakati wa Hali ya Hatari hapa Kenya, yaani vita dhidi ya Mau Mau. Nyota, yaani medali zenye umbo la nyota, hazina sura. Zile za Vita vya Pili zina pembe sita na herufi GRI VI katikati, chini ya taji. Nyota ya 1914-15 ina pembe nne na panga mbili zilizopishana.

Sasa utepe. Kila nishani ina utepe wake, kwa kawaida upana wa milimita 32, na mpangilio wa rangi zake haubadiliki. Nyota ya 1939–45 ina mistari mitatu iliyo sawa: buluu nzito, nyekundu, buluu ya mbingu, yaani jeshi la majini, la nchi kavu na la angani. Buluu nzito inakaa kushoto kwako ukiitazama. Kwa askari wa nchi kavu, nyota hii kwa kawaida ilidai miezi sita katika eneo la mapigano.

Nyota ya Afrika ni rangi ya mchanga, ina mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili myembamba pembeni, mmoja wa buluu nzito na mwingine wa buluu ya mbingu. Wengi huona mchanga huo wakafikiria Misri na Libya tu. Lakini nyota hii ilihusu pia Somalia, Eritrea na Uhabeshi, kuanzia 10 Juni 1940 hadi Gondar ilipoanguka tarehe 27 Novemba 1941. Askari aliyevuka mpaka kutoka Wajir au Moyale kwenda kupigana na Waitaliano anastahili nyota hii sawa na yule aliyepigana jangwani. Aliyepelekwa Madagaska mwaka 1942 hakuipata kwa safari hiyo, kwa hiyo msipoiona, msidhani babu alidanganya alipotaja kisiwa hicho.

Nyota ya Burma ina mstari mpana mwekundu katikati ya buluu nzito, na mstari wa rangi ya machungwa katikati ya kila upande wa buluu. Tarehe zake ni 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944 hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Mzee aliyezoea kutaja matope, malaria na Wajapani, utepe wake ndio huo.

Kisha kuna medali mbili za mviringo ambazo huchanganywa kila mara kwa sababu zote ni nyeupe, zote zina George wa Sita, na zote zina simba nyuma. Zitofautishe hivi. Medali ya Vita ina mfalme aliyevaa taji, na nyuma simba mmoja amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Utepe wake ni mwekundu kingoni, kisha buluu, halafu mstari mwembamba mwekundu katikati ukibanwa na mistari miwili myeupe. Medali ya Ulinzi ina mfalme asiye na taji, na nyuma simba wawili wamekaa kando ya mche wa mwaloni. Utepe wake ni wa rangi ya moto katikati, kijani kingoni, na uzi mweusi ndani ya kila kijani. Medali ya Vita ilitolewa kwa yeyote aliyehudumu siku 28, popote pale. Ikiwa peke yake, inasema tu kwamba alikuwa jeshini. Jani dogo la shaba likiwa limebanwa kwenye utepe wake, basi jina lake lilitajwa katika taarifa rasmi za kamanda, na hilo ni jambo la kufuatilia.

Medali ya fedha yenye Malkia mbele, utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani, pamoja na kibao kidogo kwenye utepe kilichoandikwa KENYA, ni ya operesheni za 1952 hadi 1956. Ni medali inayozua mazungumzo mazito nyumbani. Itambueni kwa usahihi kwanza, mengine yaje baadaye.

Tatizo kubwa ni majina. Nishani za Vita vya Kwanza zina namba, cheo, jina na kikosi: kwenye ukingo wa zile za mviringo, na mgongoni mwa nyota. Serikali ya Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye zile za Vita vya Pili, hivyo nyota tupu si bandia. Kosa huanzia hapo. Medali za ndugu wawili huwekwa pamoja, au utepe ukikatika hushonewa mwingine uliokuwa karibu. Ukiona utepe na nyota havipatani, fuata nyota yenyewe, kwa kuwa jina lake limeandikwa kuzunguka herufi GRI VI. Ukikuta nyota mbili za aina moja, hizo ni za watu wawili.

Kusoma ukingo uliochakaa, washa tochi ya simu ukiilaza pembeni, ugeuze medali polepole. Ikishindikana, funga karatasi nyembamba juu ya ukingo na upake penseli laini. Pima pia kwa sumaku: metali za medali hizi hazishikwi nayo. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi.

Msizisugue kwa Brasso wala majivu. Kila usuguaji hula maandishi ya ukingoni, na yakitoweka hakuna fundi wa kuyarudisha. Utepe usifuliwe, nyekundu yake huchuja ikaharibu nyeupe. Karibu na ziwa unyevu ndio adui, basi zifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, kila moja peke yake, mbali na mifuko laini ya plastiki inayoziotesha kutu ya kijani.

Nishani za Vita vya Pili zenyewe hazitaji batalioni. Kinachotaja ni cheti cha kuachishwa jeshi, na mara nyingi kiko ndani ya Biblia au pamoja na hati za shamba. Nakilini namba ya huduma kama ilivyo, pamoja na herufi zinazoitangulia, kabla ya kwenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi au katika ofisi zake za Nakuru na Kisumu. Waliofia kazini hutafutwa kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutunza pia makaburi ya Gilgil. Aliyerudi nyumbani salama hatakuwemo humo.