Je, wajua saa za maji kupwa Tanga mwakani zimeshapigiwa hesabu?

Mvuvi wa Sahare au Chongoleani anayetaka pweza hahitaji karatasi, anahesabu mwezi tu. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa hadi miamba ikabaki nje. Katikati ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hata saa anaijua, maana siku za bamvua pwani ya Tanga maji hukauka mnamo saa nne au tano asubuhi.

Nahodha wa meli hesabu hiyo haimtoshi. Yeye anataka dakika na kina, tena cha siku yoyote ya mwaka ujao. Aliyeinyoosha kazi hiyo ni Arthur Doodson, Mwingereza aliyezaliwa 1890. Alisoma kemia na hisabati Chuo Kikuu cha Liverpool, lakini uziwi ukamfungia mlango wa ualimu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipiga hesabu za mwendo wa makombora ya mizinga London chini ya mwanatakwimu Karl Pearson. 1919 akaingia taasisi mpya ya maji ya bahari hukohuko Liverpool, na hakuiacha hadi alipostaafu 1960.

Ugumu uko wapi? Mvuto wa mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, wa jua kila saa 12. Ikisaidiana ni bamvua, ikipingana ni maji mafu. Ila mwezi nao mara u karibu, mara u mbali, mara kaskazini, mara kusini, na kila badiliko lina mzunguko wake. Mwaka 1921 Doodson alipambanua mizunguko 388! Nguvu ya kila mmoja hutofautiana bandari na bandari, kwa hiyo lazima maji ya mahali yapimwe kwanza.

Kuijumlisha mizunguko hiyo walitumia mashine ya shaba: kila mzunguko na kapi lake, uzi mmoja ukipita kwenye makapi yote kama kamba za jahazi, na kalamu mwishoni ikichora kimo cha maji. Mwaka 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, Doodson aliletewa takwimu za pwani iliyoitwa "Z" tu, apige hesabu ya maji yake. Ilikuwa Normandy, Ufaransa, majeshi ya Washirika yalikotua Juni 1944. Mashine zake mbili ziliwekwa majengo tofauti, bomu moja lisizimalize zote.

Siku hizi kompyuta ndiyo hujumlisha, kwa kanuni zilezile. Ila upepo haumo: kusi ikikaza, maji hupita kimo kilichoandikwa.